Siku ya Familia Kwenye Reli ya Kale: Mwongozo kwa Wakazi wa Kola

Likizo za shule zinapofika, wazazi wengi huuliza ni wapi wanaweza kuwapeleka watoto kwa siku moja, wajifunze na warudi nyumbani kabla ya giza. Kwa mkazi wa Kola, jibu moja ni reli ya zamani. Hakuna reli inayopita Kola, lakini historia ya reli imegusa Machakos kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Makala haya yanaeleza historia hiyo, mahali pa kuiona, na kwa nini ni jukumu letu sote kuitunza.

Kwa nini reli ilipita mbali na mji wa Machakos?

Kabla ya reli, Machakos ndio ulikuwa mji mkuu wa utawala wa Waingereza katika sehemu za bara. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Wahandisi walitafuta ardhi tambarare, kwa sababu gari la moshi lenye mzigo hupata shida kubwa kupanda mlima. Waliviacha vilima vya Machakos upande mmoja, wakapitisha njia katika nyanda za Kapiti na Athi. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, mahali palipokuwa kinamasi na malisho. Mwaka huohuo John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa utawala hapa Machakos, alihamishia ofisi yake Nairobi. Mji wetu ukapoteza nafasi yake kwa sababu ya mwinuko wa ardhi. Reli iliendelea hadi Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901.

Kazi hiyo iligharimu maisha ya watu wengi. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na wanyama. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwashambulia wafanyakazi kwa miezi kadhaa kabla ya kuuawa na John Henry Patterson. Ngozi zao sasa zimehifadhiwa Chicago, Marekani.

Wakamba nao wana simulizi yao. Inasemekana Syokimau, mwaguzi wa kike aliyeishi kabla ya reli kujengwa, alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchini akitema moto na moshi, na watu wenye ngozi ya ajabu wanaobeba moto mifukoni. Wazee hueleza kwamba nyoka huyo ni gari la moshi, na moto wa mfukoni ni kiberiti. Jina lake sasa limepewa stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012 katika kaunti yetu.

Safari yenyewe

Kutoka Kola, panda matatu hadi mjini Machakos, kisha nyingine inayoelekea Nairobi, mshuke sehemu ya Mlolongo au Syokimau. Kuanzia hapo familia inaweza kupanda treni ya abiria hadi stesheni kuu ya Nairobi. Treni hizi huhudumia zaidi watu waendao kazini, kwa hivyo ulizeni ratiba stesheni kabla ya siku ya safari. Msichanganye treni hiyo na ile ya SGR iendayo Mombasa, ambayo pia huanzia Syokimau. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya vyuma viwili, na ya SGR ina milimita 1,435. Waonyesheni watoto tofauti hiyo. Ndiyo sababu treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye reli nyingine.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yako mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, lakini vifaa vingi vilivyokusanywa vimebaki.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni behewa la Kima. Mwezi Juni 1900, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala na wenzake wawili ndani ya behewa lililosimamishwa stesheni ya Kima, katika nchi ya Ukambani, wakimvizia simba aliyekuwa akiwaua watu. Ryall alikuwa na zamu ya kukesha lakini akashikwa na usingizi. Simba aliingia behewani, akamuua na kumtoa kupitia dirishani. Behewa hilo lipo makumbusho hadi leo.

La pili ni injini kubwa za aina ya 59. Zilitengenezwa 34 mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko makumbusho. Kila moja ina uzito wa takriban tani 250. Zilihitajika kuvuta mizigo mizito kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu. Kwa kuwa reli ni nyembamba na ina kona nyingi, injini iligawanywa: boila iko katikati, na mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu zinazoweza kujipinda. Hivyo uzito ulisambaa na reli haikuumia.

La tatu ni picha, tiketi, taa na vyombo vya zamani. Hapa mzee aliyewahi kusafiri kwa gari la moshi atawafaa watoto kuliko maandishi yote ya ukutani. Mwambieni pia kuhusu Kapiti, katika kaunti yetu. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alisafiri kutoka Mombasa akikaa kwa muda kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini, kisha akashuka stesheni ya Kapiti kuanza safari yake ya uwindaji.

Injini ya mvuke hufanyaje kazi?

Moto hupasha maji ndani ya boila. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi, na kwa kuwa yamefungiwa, hupata nguvu. Mvuke huo husukuma pistoni mbele na nyuma, na vyuma virefu vilivyounganishwa na pistoni huzungusha magurudumu. Mvuke uliokwisha kazi hutoka kupitia bomba la moshi ukivuta hewa mpya motoni. Huo ndio mlio tunaoujua. Boila baridi haiwashwi kwa haraka, kwa sababu chuma kikitanuka ghafla huharibika. Wafanyakazi huanza kuipasha saa nyingi kabla ya safari.

Wanaojitolea wanaweza kuokoa nini?

Huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, ilikaribia kufungwa mwenye nayo alipofariki mwaka 1950. Wananchi wa kawaida walijiunga, wakarekebisha njia, wakakata tiketi na kuendesha treni wenyewe. Treni yao ya kwanza iliondoka tarehe 14 Mei 1951. Inasifiwa kuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na hadi leo hubeba familia kwa matembezi.

Funzo kwetu si kwamba lazima tuwe na treni yetu. Ni kwamba ujuzi hupotea pamoja na wenye ujuzi. Injini za aina ya 59 ziliacha kazi kufikia mwaka 1980. Fundi aliyekuwa na miaka 25 wakati huo leo ni mzee wa miaka 70 hivi. Akiondoka bila kuulizwa, jinsi alivyosikiliza boila na kujua kasoro yake haitapatikana katika kitabu chochote.

Nani anawajibika?

Katika Katiba ya 2010, reli na kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Makumbusho na shughuli za kitamaduni za mashinani zimo katika kazi za kaunti, kwenye Jedwali la Nne. Mwananchi ana haki ya kutoa maoni kuhusu jambo hili katika vikao vya umma vya mipango na bajeti.

Unachoweza kufanya

• Muulize mzee aliyefanya kazi ya reli, na uandike au urekodi maelezo yake kwa idhini yake.
• Usiuze taa, tiketi, sare au picha za zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuuliza makumbusho.
• Usinunue wala kuuza vyuma vya reli. Taruma au msumari ukiibwa, treni inaweza kuanguka.
• Usitembee juu ya reli. Treni nzito haiwezi kusimama ghafla hata dereva akikuona.
• Kabla ya safari, uliza nauli, kiingilio na saa za kufungua. Beba maji na kofia, kwa kuwa injini nyingi ziko nje juani, na usiwaruhusu watoto kuzipanda bila mwelekezi.

Watoto wakirudi Kola, waulizeni swali moja: je, Machakos ungekuwa mji wa namna gani leo kama reli ingepita mjini kwetu?