Sarufi ya Maagizo ya Kudumu kwa Mawakala wa Akili Unde

Agizo ni tamko linalomtaka mtu atende jambo. Aghalabu anayeagiza na anayeagizwa huwa mahali pamoja, na mazingira huziba upungufu wa maneno: fundi akimwambia mwanagenzi "lete ile", mwanagenzi hufuata kidole chake. Maagizo anayoandikiwa wakala wa akili unde anayetunga msimbo wa programu hayana kidole cha kufuatwa. Huandikwa mara moja, kisha wakala huyasoma upya kila aanzapo kazi, kwa kuwa kwa kawaida habebi kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita.

Maagizo hayo huwekwa katika faili la matini ya kawaida ndani ya folda kuu ya mradi. Mawakala wengi husoma faili liitwalo AGENTS.md, Claude Code, wakala wa kampuni ya Anthropic aliyetolewa mwaka 2025, husoma CLAUDE.md. Kwa kazi zinazojirudia ila si za kila siku, liko faili jingine, SKILL.md, linaloanza kwa jina na maelezo mafupi. Mwanzoni wakala huona jina na maelezo hayo tu. Maagizo yenyewe huyasoma kazi inapoyahitaji. Ndiyo maana maelezo kama "Husaidia tafsiri" hayafai kitu. "Tumia unapotafsiri maneno ya kwenye skrini kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili" humwambia wakala ni wakati gani afungue faili.

Kasoro nyingi za maagizo haya ni za kisarufi kuliko za kiufundi. Tazama sentensi "Usibadilishe mafaili yote". Je, asiguse hata moja, au abadilishe baadhi na kuacha mengine? Kiswahili kinaruhusu tafsiri zote mbili, na ya pili inaweza kugharimu kazi ya wiki nzima. "Usibadilishe faili lolote" haina utata huo. Vivyo hivyo "Futa mafaili ya zamani": zamani ya lini? Hapa hapana budi kutaja tarehe au folda. Hata hivyo, katazo lililoandikwa vizuri si kufuli. Wakala anaweza kulikiuka, kwa hiyo vitendo visivyorudishika, kama kufuta data, vizuiwe pia kwa mipangilio ya ruhusa.

Uzito wa agizo nao huhitaji uangalifu. "Majaribio huendeshwa kabla ya kuhifadhi" ni maelezo ya mazoea, kwa kuwa kiambishi hu- hakimlazimishi yeyote. "Majaribio yaendeshwe" ni agizo, lakini kauli ya kutendwa imemficha mtendaji; mtu anaweza kudhani kazi hiyo ni ya mwingine. "Endesha majaribio kabla ya kuhifadhi, yakishindwa, simama na ueleze sababu" haiachi mwanya. Wahandisi walilitambua tatizo hili zamani: waraka wa RFC 2119, ulioandikwa na Scott Bradner mwaka 1997, ulibainisha maneno ya Kiingereza ya sharti, pendekezo na hiari kwa ajili ya nyaraka za intaneti. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kujiwekea mpangilio kama huo: "lazima" kwa sharti, "inafaa" kwa pendekezo, "si lazima" kwa hiari. Neno "unaweza" liepukwe, maana halibainishi kama linataja uwezo au ruhusa.

Upatanisho wa ngeli husaidia, ila kwa kiasi. Katika "Soma orodha na faili, kisha uihifadhi", kiambishi -i- kinaelekeza kwenye orodha kwa mwandishi anayeliweka faili katika ngeli ya LI-YA. Katika "Soma jedwali na faili, kisha ulihifadhi", nomino zote mbili ni za ngeli hiyo, na kiambishi hakiamui chochote. Ni heri kurudia nomino, hata kama mwalimu wa insha angekunja uso.

Ngeli hizo hizo ndizo zinazoharibu programu nyingi zinazotafsiriwa kwa Kiswahili. Mtunga programu aliyezoea Kiingereza huandika kitenzi kimoja na kuacha pengo la nomino. Matokeo yake ni "Kitabu imefutwa" na "Ujumbe imefutwa", makosa ambayo wakala atayazalisha kwa mamia asipoonywa. Agizo la kudumu kwa mradi wa aina hiyo linaweza kuandikwa hivi: "Usiunge sentensi kwa vipande. Andika sentensi kamili kwa kila nomino: Picha imefutwa, Kitabu kimefutwa, Ujumbe umefutwa. Sababu: kitenzi cha Kiswahili hupatana na ngeli ya nomino." Sababu hiyo isiachwe kwa kuogopa urefu, kwani ndiyo itakayomwezesha wakala kuandika "Faili limefutwa", nomino ambayo mifano haikuitaja.