MAITI INARUKA, KIBANDA KINACHEKA!

"BANA pumzi wewe! Bana pumzi, inakuja!"

Sauti ilitoka gizani, nasi watoto zaidi ya hamsini, tuliobanana kama dagaa kwenye mabenchi ya kibanda cha video kule Manzese, tukabana pumzi kwelikweli. Mwaka ulikuwa 1992. Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni, hivyo mtoto wa uswahilini akitaka kuona picha ilibidi atafute sarafu ya shilingi 20, amtoroke mama, aingie kwenye kibanda cha mabati chenye joto la tanuri la mikate.

Kwenye skrini maiti ilikuwa inaruka. Si kutembea, msomaji wangu. Kuruka! Miguu imebanana, mikono imenyooka mbele kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kucha ndefu, uso rangi ya majivu. Ilikuwa inawatafuta vijana wawili waliojibanza pembeni, na njia ya kupona ilikuwa moja tu: usipumue. Maiti zile hazioni, zinakujua kwa pumzi yako.

Mara mtu akakohoa.

Wee, acha tu! Benchi la mbele lilianguka, lango likazibwa na watu, na mshikaji wangu aliacha ndara moja ambayo hakuirudia mpaka kesho yake. Nusu dakika baadaye watu wale wale tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Sijawahi kuona tena kitu cha kunitia hofu na kicheko kwa pamoja namna ile, na nimeishi mjini hapa miaka yote.

Mpaka leo, nikikutana na mtu wa umri wangu nikanyoosha mikono mbele na kuruka mara moja tu, anacheka kabla sijasema neno. Picha gani hizi zisizotoka kichwani?

NI PICHA ZA WAPI?

Ile tuliyoiona siku hiyo ni Mr. Vampire, ya Hong Kong, mwaka 1985. Aliyeiongoza ni Ricky Lau, na mtayarishaji ni Sammo Hung, yule bonge mwepesi kuliko paka ambaye wapenzi wote wa kung fu wanamjua. Watu wa Hong Kong wanaongea Kikantoni, na kwa lugha yao maiti hizi huitwa geung si, yaani maiti iliyokakamaa. Ndiyo maana zinaruka: magoti hayakunji tena!

Kisa chenyewe ni cha zamani huko China. Mtu akifa mbali alitakiwa akazikwe kwao. Basi ikasimuliwa kwamba magharibi mwa jimbo la Hunan kulikuwa na waganga wa dini ya Kitao waliozisafirisha maiti usiku, zikiruka kwa mstari, huku kengele ikilia mbele ili walio hai wapishe njia. Wengine wanasema ukweli ni kwamba wapagazi walizifunga kwenye mianzi miwili na kuzibeba begani, na mianzi ilivyokuwa inanesa, kwa mbali ungeapa kwamba wafu wanaruka. Mtu wa Bongo hahitaji mkalimani hapo. Nani asiyejua kuchangishana ili marehemu afike kwao?

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, tena Kiingereza cha ajabu, yanapita mbio kama daladala ya jioni. Baadaye jiji lilipata watafsiri wa picha wenye majina makubwa kama Lufufu, lakini wetu alikuwa wa bei nafuu. Kikantoni hajui, Kiingereza cha kubahatisha, ila mdomo anao! Yule mganga mkuu mwenye nyusi zilizoungana alimwita Mzee Nyusi. Maiti, kwa vile zimevaa majoho na kofia za maofisa wa serikali ya wafalme wa Qing walioondoka mwaka 1912, aliziita Bwana DC. "Bwana DC huyo anakuja kukusanya kodi, bana pumzi!" Watu wazima waliokaa nyuma walikuwa wanacheka kuliko sisi, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipokua.

MZUKA ULIANZIA KWENYE KIWANJA

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye utamu. Nimezirudia picha hizi ukubwani, na nimegundua kwamba adui mkubwa si maiti.

Katika Mr. Vampire, tajiri mmoja anaitwa Yam. Anataka kaburi la baba yake lihamishwe ili mambo yamnyookee. Jeneza linafukuliwa, kumbe lilizikwa wima! Miaka 20 imepita na marehemu hajaoza. Mzee Nyusi anapouliza-uliza inajulikana kwamba baba wa tajiri alimbana mtaalamu wa makaburi mpaka akampokonya sehemu nzuri ya kuzikia, na mtaalamu akalipiza kwa kutoa maelekezo ya uongo ya mazishi. Umeona? Mzuka wote ule ni ugomvi wa kiwanja.

Mzee Nyusi anawaagiza wanafunzi wake wawili wapige mistari ya wino uliochanganywa na damu ya kuku pande zote za jeneza. Wanapiga juu, wanapiga ubavuni, chini wanasahau. Kazi ya kulipua! Maiti inatoka na kumuua tajiri, mwanawe mwenyewe. Na polisi wanamkamata nani? Mzee Nyusi. Mkuu wa polisi ni ndugu wa tajiri, hajui kazi, na jicho lake liko kwa binti wa marehemu.

Halafu mwanafunzi mmoja anajeruhiwa na maiti, na sumu inaanza kumgeuza awe kama ile. Dawa ipo: mchele unaonata, ule ambao ukiiva unashikana kama gundi. Mwenzake anakimbia kuununua. Na muuza mchele anafanya nini? Anachanganya na mchele wa kawaida ili apate faida! Mgonjwa analalia mchele wa kuchakachua na hali inazidi kuwa mbaya.

Tulipofika hapo kibanda kilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Sote pale tulishatumwa dukani tukarudi na robo ya sukari isiyofika robo, au mafuta ya taa yanayotoa moshi kuliko mwanga. Mzuka tulikuwa hatujawahi kuuona, lakini muuza mchele yule tulimjua, na wengine tulimjua kwa jina.

Usifikiri ni bahati mbaya. Miaka mitano kabla, mwaka 1980, Sammo Hung mwenyewe aliongoza na kucheza picha inayoitwa kwa Kiingereza Encounters of the Spooky Kind. Jina lake la Kikantoni lina maana ya mzimu kupiga mzimu. Humo bonge wetu ni Cheung, kibarua jasiri asiyejua kwamba bosi wake anatembea na mke wake. Bosi, akiogopa kufumaniwa, anamkodi mganga amuue. Cheung anawekewa dau alale kwenye hekalu pamoja na maiti. Rafiki mmoja mwenye utaalamu anamwambia: kila maiti ikitaka kutoka kwenye jeneza, itupie yai la kuku ndani. Cheung ananunua kapu la mayai. Anatupa moja, maiti inarudi. Anatupa jingine, inarudi. Anatupa jingine, maiti inatoka! Kumbe muuza mayai kachanganyia ya bata.

Mchele. Mayai. Picha mbili, tapeli yule yule. Kwenye picha za Dracula za Wazungu adui anakaa kwenye kasri juu ya mlima, na maskini kama sisi tusingefika huko hata kwa lifti ya lori. Picha za Hong Kong zilituambia jambo tulilokwisha kulijua: dawa ipo, ujasiri unao, na bado utakufa kwa sababu mtu wa genge kataka senti mbili zaidi. Tulicheka kwa sababu ni kweli, na tuliogopa kwa sababu hiyo hiyo.

MZEE NYUSI ALIKUWA NANI?

Jina lake ni Lam Ching-ying, aliyezaliwa mwaka 1952. Alifundwa utotoni katika opera ya Kichina, ndiyo maana hata akigeuka tu unaona nidhamu. Mwaka 1971, akiwa hajafika miaka 20, alifanya kazi kwenye The Big Boss, picha iliyompaisha Bruce Lee, akawa msaidizi wake wa karibu. Miaka mingi alikuwa mtu wa nyuma ya pazia, anayeanguka ghorofani ili staa asiumie.

Mr. Vampire ikamgeuza yeye kuwa staa. Iliingiza takriban dola milioni 20 za Hong Kong nyumbani kwao, ikapendwa sana Japani, na ikazaa mikanda isiyohesabika ya maiti za kuruka, mingi kimeo. Yeye akabaki na joho lile la njano, mkanda baada ya mkanda. Siri yake ni kwamba hakuwahi kuchekesha. Wenzake wakijikwaa na kupiga mayowe, yeye amekunja uso kama mwalimu wa zamu. Alifariki Novemba 8, 1997 kwa saratani ya ini akiwa na miaka 44, miezi minne tu baada ya Uingereza kuirudisha Hong Kong kwa China.

Kuna picha yake moja ambayo sisi Waafrika hatuwezi kuipita kimya. Ni Crazy Safari ya mwaka 1991. Maiti ya babu wa Kichina inanunuliwa mnadani Uingereza, inasafirishwa kwa ndege kurudi kwao, ndege inapata matatizo, na wote wanaruka kwa miavuli mpaka Afrika! Huko wanakutana na N!xau, Msan wa Namibia aliyejulikana duniani kwa The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980. Ikafika mahali Mzee Nyusi anauita mzimu wa Bruce Lee umwingie N!xau, naye N!xau anaanza kurusha mateke na kulia kama paka.

Nilicheka, sikatai. Kisha nikaona wanavyomwonyesha Mwafrika, mtu wa kushangaa vitu na kushangaza wageni, kicheko kikanikaa kooni. Lakini jambo moja limenigandisha: anayeuita mzimu ule ndiye aliyekuwa msaidizi wa Bruce Lee kweli, na bosi wake alikuwa amekufa tangu mwaka 1973. Katikati ya upuuzi wote ule, mtu alikuwa anamwita rafiki yake.

MWISHO ULIOKATWA

Sasa niwape kisa changu. Ile picha ya mayai niliiona kibandani mwaka 1993. Tulifika mahali ambapo waganga wawili wamepanda kwenye madhabahu marefu, kila mmoja na mtu wake, wanapigana kwa uchawi. Bonge wetu kaingiwa na roho ya mungu nyani, anarusha ngumi kama mvua. Mara skrini ikachezacheza, na badala ya Bonge tukaona mieleka ya Marekani! Mtu alikuwa amerekodi juu ya mkanda.

Tukapiga kelele tunataka mwisho. Mwenye kibanda akasimama mlangoni akasema, "Picha imekwisha. Stelingi hafi, mnataka nini tena?" Hela hakurudisha. Kumbe na sisi tuliuziwa mayai ya bata.

Mwisho ule ulinikaa rohoni miaka 28. Nilibuni miisho yangu mwenyewe na kuisimulia shuleni kwa ada ya andazi. Kisha mwaka 2021, usiku mmoja wa Jumamosi, niliipata picha nzima kwenye simu. Nikamwita binti yangu wa miaka 14, tukakaa kwenye kochi, nikamtafsiria mimi kwa majina yale yale. Kwenye mayai alicheka mpaka akaanguka.

Tukafika kwenye madhabahu. Sikupepesa jicho. Mganga mbaya anakufa, bosi naye anakufa. Mke anatokea, anamkimbilia Cheung, anajifanya alikuwa upande wake. Cheung anampiga. Anampiga tena na tena, anamrusha juu, na picha inaganda mwanamke akiwa bado hewani. Basi. Huo ndio mwisho niliousubiri miaka yote hiyo.

Binti yangu akauliza, "Baba, mbona anampiga? Si ameshashinda?"

Nikafungua mdomo nitafsiri, sikupata la kutafsiri. Najua angesemaje yule mtafsiri wetu wa Manzese. Angesema neno la kuchekesha, nasi watoto hamsini tungecheka, tukaenda nalo nyumbani. Mwenye kibanda alitutapeli, na hela yangu bado naidai. Ila siku ile, bila kujua, alituchanganyia kwa faida yetu.

Je, nakuambia uziache? Hapana. Anza na Mr. Vampire, ndiyo bora kuliko zote. Ukiimaliza, tafuta Rigor Mortis ya mwaka 2013, ambamo Chin Siu-ho, mmoja wa wale wanafunzi wawili wa Mzee Nyusi, ameshazeeka na anacheza kama mwigizaji aliyefulia anayehamia ghorofa la wapangaji wa kima cha chini. Hiyo haina kicheko, lakini ukiwa ulikuwepo kibandani itakugusa. Utakapofika kwenye vipande vibaya, visemee kwa sauti mbele ya watoto kwamba ni vibaya.

Binti yangu hakusubiri nitafute maneno. Alichukua simu akairudisha nyuma. "Hapo umekosea kutafsiri," akasema. "Turudi kwenye mayai."

Tukarudi kwenye mayai. Tukabana pumzi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na ukitumwa mchele, ukague kabla hujalipa!