Tumfunge ngamia kwanza: Jiko la mkaa si la kulala nalo

ALFAJIRI moja ya msimu wa masika, muumini mmoja wa msikiti wetu alirejea nyumbani baada ya swala, akamkuta mkewe, mzazi wa siku kumi, akitapika na kulalamika kichwa. Mtoto mchanga alikuwa amelegea. Jiko la mkaa lililowekwa chumbani ili kumpa mzazi joto lilikuwa bado na makaa, na madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi. Aliwatoa nje, akawakimbiza hospitali. Alhamdulillahi, walipona.

Majirani waliokuja kumpa pole walisema: "Siku yao ilikuwa haijafika." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haituondolei jukumu. Ajali imo katika elimu ya Allah (S.W.), ila jiko tumeliweka sisi. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Naye Tirmidhi amepokea kwamba mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kutegemea kwa Mola, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee.

Bukhari na Muslim nao wamepokea kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku, wenyewe wakiwamo. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, aliuita moto adui, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala.

Adui huyu hudhuru hata asipounguza. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Wengi hudhani mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, ni salama. Sivyo. Aliye macho huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Aliyelala huenda asiamke tena.

Kwa hiyo, jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Mzazi na mwanawe wapewe joto kwa mablanketi na nguo nzito. Ukimkuta aliyezidiwa, fungua milango, mtoe nje upesi, umfikishe hospitali.

Ndugu yangu mwenye nyumba, usiku wa leo, kabla ya kusoma dua ya kulala, pita chumba kwa chumba ukague. Hiyo nayo ni sunna, na wanao ni amana utakayoulizwa.

Allah atuhifadhi sisi na familia zetu. Amin.