Zamu Hairuki Nyumba

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, watu wa kijiji kimoja cha Uchagani hutoka majumbani mwao, khanga mabegani na kitabu cha nyimbo kwapani. Hawaendi kanisani. Wanaenda kwa jirani ambaye wiki hii jumuiya iko kwake. Mabenchi yameazimwa na kupangwa uani. Meza ndogo imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake pana msalaba na mshumaa. Watu husali, husoma Injili ya Jumapili, na kila aliyeguswa na neno hulisema. Kisha katibu hufungua daftari: nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni na hana godoro. Wiki ijayo watakuwa kwa mwingine, na zamu hairuki nyumba. Mwenye nyumba ya tofali hupokea jumuiya, na mjane mwenye kibanda cha udongo naye hupokea, akiwa mwenyeji kama wenyeji wengine.

Hiyo ndiyo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Kwa kawaida hukusanya kaya chache zinazopakana, ikapewa jina la mtakatifu msimamizi, ikachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Jumuiya kadhaa huunda kigango, na vigango huunda parokia. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi chini ya umoja wao wa AMECEA waliazimia kwamba Kanisa lijengwe kuanzia ngazi hiyo ya majirani, na mwaka 1976 wakalifanya azimio hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji wao. Mtu anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza: jumuiya yako ni ipi?

Mzee wa Kichaga akiisikia habari hii haoni ajabu, kwa kuwa zamu aliikuta kwa baba zake. Kabla misa ya kwanza haijasomwa Kilimanjaro, mlima huo ulikuwa umechorwa mifongo, yaani mifereji inayotoa maji mtoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Hakuna ukoo ambao ungeweza kuchimba na kutunza mfongo mrefu peke yake. Watu waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake, na aliyekwepa bila sababu alitozwa faini. Maji nayo yaligawanywa kwa zamu, huyu asubuhi na yule mchana. Waliogombania mpaka au maji walikuwa na jani la isale, mmea uleule unaopandwa mipakani. Mkosaji alilipeleka kwa aliyemkosea, na kulikataa kulikuwa jambo zito.

Juu ya msingi huo ndipo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipojenga. Walikuwa wameanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafika Kilema, ubavuni mwa mlima huo. Pamoja na katekesimu walileta miche ya kahawa. Kahawa ikaingia kihambani, chini ya migomba, ikawa fedha ya kila nyumba. Wakulima walipoona kwamba mmoja mmoja hawana sauti sokoni, waliungana mwaka 1925 katika chama cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkatoliki na Mlutheri walipima kahawa yao kwenye mzani mmoja. Ushirika huo haukuwa mali ya dhehebu lolote, lakini ulitembea katika njia ileile ya mfongo.

Mafundisho ya Kanisa nayo yalikuwa yakielekea huko. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum kutetea haki za wafanyakazi. Mwaka 1967, mwezi mmoja na ushei baada ya Azimio la Arusha, Papa Paulo VI alitoa Populorum Progressio, akafundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya watu wote. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana yake.

Kisha kahawa ikaanguka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wakang'oa mibuni. Kahawa ilikuwa mali ya baba, ilhali ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Basi nyumba nyingi zilisimama juu ya mkungu na kibuyu cha maziwa, na akina mama ndio waliotafuta namna ya kukuza kidogo walichonacho. Wengi waliipata katika VICOBA, vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa. Mpango huu haukuzaliwa kanisani, lakini ulipofika vijijini uliwakuta watu wa jumuiya wamekwisha kuzoea kukaa pamoja kila wiki, kuandika daftari na kuaminiana.

Kila mwanachama hununua hisa kadiri ya uwezo wake, huweka kitu katika mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na akikopa hukopa kwa kipimo cha hisa zake. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, zikafungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Kwa mkopo huo mama hununua ndama wa kisasa, au magunia ya mahindi wakati wa mavuno ayauze bei ikipanda.

Liko jambo linaloniuma, nami nalisema kwa mapenzi. Zipo jumuiya ambazo daftari limekuwa la michango tu: ujenzi, sherehe, zawadi ya mgeni. Maskini akiona jina lake linasomwa kila wiki katika orodha ya wadaiwa, huanza kukaa nyumbani. Hapo jumuiya imeziba mfongo wake yenyewe. Mhitaji aliyekimbia aibu hatarudishwa na mfuko wa unga kutoka kwa mfadhili wa mbali. Atarudishwa na jirani atakayebisha hodi na kumwambia, "Mama, Jumamosi tunakuja kwako."

Atasema hana viti. Wataleta mabenchi. Atasema hana cha kuwapa. Watamwambia chai itachemshwa kwa jirani. Asubuhi hiyo atafagia uwanja mapema, atatandika khanga yake safi juu ya meza, na watu watakaa kwake. Kikundi cha VICOBA kikimaliza kuhesabu hisa na kutafuta wa kulaza sanduku, naye atakuwa miongoni mwa wanaoweza kukabidhiwa, kwa kuwa wote wameingia kwake na wote wanamjua.