Dawa ya Mapunye Ilivyojaribiwa

Fungueni madaftari. Neno la kuandika leo ni mapunye. Ma-pu-nye.

Mapunye mnayajua. Ni mabaka yasiyo na nywele kichwani mwa mtoto. Huletwa na kuvu, ndugu wa ule ukungu mnaouona juu ya kiporo. Pengine kichwa huvimba, hutoa usaha, na nywele zikang'oka zenyewe. Uvimbe huo huitwa kerioni. Mama huuona akadhani ni jipu, akataka litumbuliwe. Si jipu, lisitumbuliwe. Usipotibiwa waweza kuacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Mtauliza: ugonjwa uko kichwani, mbona daktari anatoa vidonge vya kumeza? Kuvu imeingia ndani ya unywele, chini ya ngozi. Dawa ya kupaka haifiki huko.

Zamani nchi kadhaa zilitumia eksirei kung'oa nywele zote za mtoto. Baadhi ya watoto hao walipata saratani ukubwani.

Dawa ya griseofulvini ilipatikana Uingereza mwaka 1939, tena katika ukungu mwingine! Ikakaa karibu miaka 20. Mwaka 1958 Bwana Gentles wa Glasgow aliwachukua simbilisi, wanyama wadogo wafananao na sungura, waliokuwa na kuvu ya ngozi. Wengine akawalisha dawa, wengine akawanyima. Kwa nini awanyime? Wewe ukitia samadi shamba zima, mahindi yakastawi, utajuaje kama ni samadi au ni mvua? Waliolishwa walipona. Mwaka huohuo madaktari wa London wakatangaza habari za wagonjwa wao, watu sasa.

Ilionekana pia kwamba dawa hii haiui kuvu mara moja. Huingia katika unywele mpya unaoota, kuvu isiweze kuendelea. Unywele wa zamani hubaki na ugonjwa mpaka ukue na kukatwa. Basi vidonge humezwa majuma 6 hadi 8, pengine zaidi. Mtoto akiacha juma la pili kwa kuwa hajikuni tena, kuvu bado imo, na huambukiza wenzake kitandani na shuleni.

Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Ninyi wafugaji maziwa mnayo. Msiengue mafuta yake. Mama mjamzito asivimeze. Siku hizi ziko dawa nyingine pia, kama terbinafini, daktari atachagua.

Swali la kujibu darasani: kwa nini Bwana Gentles hakuwapa simbilisi wote dawa?