Mwenye shamba, mwenye leseni na dhahabu ya chini: nani analipwa nini?

Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa aunsi moja mwezi Oktoba 2025, mara ya kwanza katika historia. Mwaka 2002, mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji, aunsi hiyo hiyo ilikuwa haijafika dola 350. Tofauti hiyo wanaijua vizuri wanunuzi wa Nyamongo. Wanaijua pia wenye mashamba wa Genkuru na vijiji jirani vya wilaya ya Tarime, na wenzao wa Serengeti ng'ambo ya mto Mara. Bei ikipanda watafiti hurudi, wanaapolo huongezeka, na mtu mwenye ekari tatu za mihogo na mahindi huanza kujiuliza: kama dhahabu iko chini ya shamba langu, fungu langu ni lipi?

Wiki hii ukurasa huu unaweka pembeni bei za mazao na kujibu swali hilo, maana jibu lililozoeleka vijiweni lina makosa.

Jibu la kwanza ni fupi na halipendezi. Katika dhahabu yenyewe, fungu la mwenye shamba ni sifuri. Sheria ya Madini ya 1979, ile ya 1998 na ile ya 2010 inayotumika sasa pamoja na marekebisho yake ya 2017, zote zina msimamo mmoja: madini yaliyomo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Hati ya hakimiliki ya kimila inakupa haki ya kulima, kujenga, kulisha mifugo na kurithisha wanao. Kilicho chini hakimo. Hali kadhalika gesi. Mkulima wa Songosongo, Kilwa, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, hana umiliki wa gesi hiyo, wala mwenzake wa Msimbati, Mtwara.

Wanaotushangaza ni Wamarekani. Kwao mtu binafsi anaweza kumiliki gesi iliyo chini ya ardhi yake, akaikodisha kwa kampuni na kulipwa mrabaha, ambao kwa desturi ya zamani ulikuwa sehemu moja ya nane. Asiyetia saini naye hapotei moja kwa moja. Katika baadhi ya majimbo sheria inaruhusu eneo lake liunganishwe na ya majirani hata kama amekataa, kisha hulipwa mrabaha, au fungu lake kamili baada ya kampuni kurudisha gharama za kuchimba kisima. Kwa Tanzania mwenye kukodisha ni mmoja tu, serikali. Kwa hesabu hiyo, kila mwenye shamba wa Genkuru ni mtu ambaye hakuulizwa atie saini au asitie.

Lakini sifuri katika dhahabu si sifuri katika kila kitu. Shamba lina bei yake, na kuingia humo kuna masharti yake.

IDHINI KWANZA

Mwenye leseni, awe kampuni kubwa au mchimbaji mdogo, haruhusiwi kufanya kazi zake ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu bila idhini ya maandishi ya mkaaji halali wa hapo. Shamba lililolimwa na maji yanayotumiwa na watu au ng'ombe navyo vimewekewa ulinzi wa namna hiyo. Ukikataa bila sababu ya msingi, Waziri anaweza kuamua kwamba idhini yako haihitajiki, na hapo asiyetia saini wa Tarime anafanana na yule wa Marekani. Hata hivyo, kati ya ombi na uamuzi wa Waziri kuna muda, na muda huo kwa mwekezaji ni fedha. Wenye mashamba wengi hawajui kuwa wana karata hiyo mkononi. Hutia saini siku ya kwanza kwa sababu aliyekuja alikuja na gari na mwenyekiti wa kitongoji.

Kama ardhi ya kijiji inahamishwa kabisa kuwa ardhi ya kawaida, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Mkutano Mkuu wa kijiji ukubali au ukatae, iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri.

FIDIA INAVYOHESABIWA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi twende polepole. Fidia si bei ya ardhi peke yake. Kwa kanuni za mwaka 2001, mthamini anatakiwa kuhesabu thamani ya ardhi kwa bei ya soko, pamoja na majengo, mazao na miti, kisha kuongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara.

Mathalan, tuseme mali ya mtu imethaminiwa Shs. 20,000,000. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ya benki za biashara kwa amana ya miezi 12. Kama riba ni asilimia 8, posho ni Shs. 1,600,000. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba kwa miezi 36. Nyumba ya kupangisha ya Shs. 50,000 kwa mwezi inaleta Shs. 1,800,000. Sasa tuna Shs. 23,400,000 kabla ya usafiri, ambao ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mtu aliyeonyeshwa ile milioni 20 tu na kuambiwa ndiyo fidia yote amepunjwa zaidi ya milioni tatu.

Posho za usafiri na makazi hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Mwenye shamba la pili asikokaa asizitegemee. Na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, kiasi kilichobaki kinapaswa kulipwa na riba. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya uthamini ina thamani ya fedha. Chukua nakala yako siku hiyo hiyo.

Wingi wa dhahabu hauingii popote katika hesabu hizo. Mthamini hapimi mwamba. Ekari moja juu ya mkanda mnene wa dhahabu na ekari moja juu ya changarawe tupu, kama zote zina mihogo, hupewa bei inayolingana.

Kwa sababu hiyo Nyamongo ilizaa tegesha. Neno hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Tarime: unasikia mgodi unataka kupanuka, unapanda miche kwa wingi usiku na mchana, unainua kijumba cha bati, unangoja mthamini. Wapo waliopata. Wengi zaidi waligota kwenye tarehe ya ukomo, maana kilichoongezwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi, na miche iliyobanana hushushwa thamani. Kibaya zaidi, tegesha ya wachache iliwatia doa wenye nyumba za haki, wakakaa miaka na majalada yenye ubishi huku hawawezi kujenga wala kulima mazao ya kudumu. Ukurasa huu hauwalaumu sana watu hao. Ukimwambia mtu dhahabu si yake, ataitafuta kwenye bati na miche.

Neno moja kuhusu jina kwenye fomu. Mji wa Kikurya unaweza kuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na shamba lake. Fomu ikiandikwa jina la baba peke yake, hundi itatoka kwa jina hilo hilo. Kila anayelima sehemu yake aombe iorodheshwe kwa jina lake wakati mthamini bado yuko shambani, si baada ya fedha kuingia benki.

KARATASI ILIYOTANGULIA

Yupo anayelipwa kutokana na dhahabu yenyewe, naye ni mwenye leseni, au mwenye mkataba na mwenye leseni.

Kwa wachimbaji wadogo jambo hili linajulikana. Mwenye leseni, mwenye duara na mwenye shamba hugawana mifuko ya mawe kabla haijaenda karashani. Fungu la mwenye shamba ni la mapatano, halikuwekwa na sheria kwa kiwango maalumu. Lisipoandikwa, mfuko unaopungua kwanza ni wake. Andika idadi ya mifuko katika kila kumi, andika nani anahesabu, na usisahau marudio: mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara moja una mnunuzi wake pia.

Kwa mgodi mkubwa mfano uko Genkuru penyewe. Miaka ya 1990, Afrika Mashariki Gold Mines ilipokuwa ikijipanga kuchimba, vijiji vitano vya Genkuru, Nyamwaga, Kerende, Kewanja na Nyangoto havikuja na mashamba tu. Vilikuwa na maeneo ya uchimbaji, vikayaachia kwa mkataba wa mrabaha wa asilimia 1. Tangu hapo mgodi umebadili mikono mara kadhaa: Placer Dome mwaka 2003, Barrick 2006, African Barrick Gold 2010 iliyoitwa Acacia mwaka 2014, kisha Barrick tena 2019, na serikali kupata asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Asilimia 1 ya vijiji ilivuka mikono yote hiyo, kwa sababu iliandikwa juu ya eneo, haikuwa ahadi ya meneja.

Tazama kilo moja ya dhahabu iliyotoka katika eneo lenye mkataba huo. Ni kama aunsi 32.15, na kwa dola 4,000 inafika dola 128,600. Mrabaha wa serikali kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 6 ni dola 7,716. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni dola 1,286. Halmashauri nayo hupata ushuru wa huduma. Vijiji vitano, kwa asilimia 1, ni kama dola 1,286 kwa pamoja. Kijiji jirani kilichotoa ardhi bila karatasi ya madini hakimo katika mgawo huo. Kinangoja miradi ya huduma kwa jamii, ambayo tangu marekebisho ya 2017 mgodi hupaswa kuipanga kila mwaka pamoja na halmashauri.

Je, mwenye shamba wa leo anaweza kuwa na karatasi? Leseni ndogo ya uchimbaji ni kwa Watanzania tu, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Lakini maombi huenda kwa utaratibu wa aliyetangulia ndiye anayetangulia, na kuwa mwenye shamba hakukupi foleni yako peke yako. Inawezekana kabisa shamba lako liko ndani ya leseni ya mtu wa Mwanza ambaye hujamwona. Ramani za leseni ziko kwa Tume ya Madini, na Ofisi ya Madini ya mkoa wa Mara inaweza kukuonyesha eneo lako ukipeleka vipimo vya mipaka. Ukikuta liko wazi, omba. Ukikuta lina mwenyewe, uliza leseni inakwisha lini na kama ada ya mwaka imelipwa, maana leseni iliyofutwa hufungua eneo, na anayejua siku hiyo kabla ya wengine ndiye anayefika dirishani kwanza.