Kumtunza Mtoto Mchanga Asichubuke

Wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani. Mama aendapo shambani kupalilia mahindi na maharagwe, mara nyingi ninyi ndio mnaoachiwa mtoto, wasichana na wavulana pia. Kwa hiyo somo hili si la akina mama peke yao. Mtoto mchanga hawezi kusema mahali panapomuuma, hulia tu. Na mlezi asiyejua sababu humlisha, au humbembeleza bure, kumbe ngozi ya mtoto yawaka kama iliyopakwa pilipili.

Leo tutajifunza habari za vipele vya winda. Winda ni ile nguo afungwayo mtoto kati ya miguu ili kuzuia mkojo na choo. Siku hizi watu wengi huiita nepi. Vipele hivyo hutokea matakoni, mapajani na sehemu za siri. Vitabu vingi husema ya kwamba ngozi huwa nyekundu. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani upesi. Pengine mahali pale huwa peusi zaidi, au huwa na rangi ya zambarau. Basi usitazame rangi tu. Angalia kama ngozi ina joto, kama imekwaruza, na kama mtoto hulia apanguswapo.

Sababu zake

Sababu ya kwanza ni unyevu. Tazama mikono ya mtu aliyeshinda akiosha mihogo majini: ngozi yake hukunjamana na kulainika, na akijikwaruza kidogo huchubuka. Ndivyo iwavyo ngozi ya mtoto ndani ya winda lililolowa.

Sababu ya pili ni mkojo na choo kukaa pamoja. Katika choo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huugeuza mkojo kuwa na amonia, ndiyo ile harufu kali ipandayo puani tufunguapo winda la tangu usiku. Tena katika choo mna masalio ya yale maji ya tumboni yayeyushayo chakula. Amonia ikizidi, maji hayo hupata nguvu, yakaanza kuila ngozi yenyewe.

Sababu ya tatu ni kusuguliwa. Winda gumu, au lililokazwa mno, au lililobaki na sabuni, huikwaruza ngozi iliyokwisha kulainika.

Taabu hii huzidi mtoto aharishapo, na pia aanzapo kula uji, kwa kuwa choo chake hubadilika. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama peke yake, choo chake hakiunguzi ngozi sana.

Katika milima ya Kasulu na Kibondo kila majira yana shida yake. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, ikaendelea mpaka Aprili au Mei. Wakati huo mawinda hayakauki, na mtoto hufungwa nguo yenye unyevu. Kiangazi kikifika jua ni tele, lakini maji ya kijito kule bondeni hupungua, na kuyapandisha mlimani ni kazi. Ndipo watu hufua bila kusuuza vizuri, sabuni ikabaki ndani ya nguo. Majira ni mawili, ila aumiaye ni yule yule mtoto.

Namna ya kuzuia

1. Mbadilishe mtoto mara kwa mara, kila baada ya saa mbili au tatu awapo macho, na papo hapo akienda choo. Ukiwa umembeba kwa mbeleko, usingoje mpaka mgongo wako ulowe.

2. Mwoshe kwa maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini. Mpanguse toka mbele kwenda nyuma, hasa mtoto wa kike, ili uchafu wa choo usiingie njia ya mkojo. Usimsugue, mkaushe kwa kumgusagusa, na mikunjo ya mapaja usiisahau.

3. Mawinda yafuliwe kwa sabuni, yasuuzwe mpaka maji yatoke bila povu, na yenye choo yachemshwe. Maji yakiwa machache, afadhali kupunguza sabuni kuliko kupunguza kusuuza.

4. Yaanikwe juu ya kamba, juani, wala si juu ya majani wala chini. Yuko nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia atagaye mayai katika nguo mbichi na katika udongo wenye mkojo. Funza wake huingia ndani ya ngozi, akafanya jipu lenye tundu dogo. Kwa hiyo winda likaushwe kabisa, kisha mtu mzima alipige pasi ya moto pande zote mbili. Wakati wa mvua funga kamba ndani ya nyumba, mbali kidogo na moto, na pasi imalizie unyevu uliobaki.

5. Wengine hununua madukani nepi za kutupa, zinazoitwa pampasi. Hizi hunywa maji mengi, kwa hiyo hudanganya: mtu hudhani mtoto ni mkavu, akamwacha nayo kutwa kwa kuwa ina bei. Nayo pia ibadilishwe. Ikiisha kutumika isitupwe kijitoni, kwa maana huko ndiko wenzetu wachotako maji ya kunywa.

Namna ya kutibu nyumbani

Vipele vikiisha kutokea, dawa ya kwanza ni hewa. Mvue mtoto winda, umlaze juu ya kitambaa safi kikavu, kivulini pasipo baridi, muda wa dakika kumi au kumi na tano, mara kadha kila siku. Mwoshe kwa maji matupu, bila sabuni yenye manukato. Akiisha kukauka, mpake marhamu ya zinki au mafuta meupe ya mgando, kwa wingi, kama mtu akandikaye ukuta. Mafuta hayo huuzuia mkojo usiifikie ngozi. Wakati wa kumbadilisha usiyakwangue yote. Ondoa yaliyochafuka tu, upake mengine juu yake.

Msimpake majivu, wala samadi, wala chumvi, wala dawa ya meno. Hivi huunguza, au hutia vijidudu penye kidonda. Unga hushika maji, ukawa madonge ya kumkwaruza. Poda hupeperuka, ikaingia kifuani mwa mtoto. Wala msitumie dawa ya ngozi ya mtu mzima, kwa maana nyingine ni kali, nazo hudhoofisha ngozi ya mtoto.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Kwa matunzo hayo, vipele vya kawaida huanza kupona katika siku mbili tatu. Visipopona, mwambie mama ampeleke mtoto zahanati au hospitali. Ngozi ikiwaka sana ndani ya mikunjo, na vipele vidogo vidogo vikitawanyika pembeni, pengine pana ukungu uitwao fangasi. Mara nyingine utauona pia mdomoni kama utando mweupe usiofutika. Huu hauponi kwa mafuta. Wahitaji dawa yake. Lakini ukiona usaha, malengelenge, damu au homa, au mtoto akikataa kunyonya, msingoje hata siku moja, kwa maana vijidudu vikipenya penye ngozi iliyopasuka vyaweza kuingia katika damu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtoto mchanga ni winda moja lililosahauliwa. Mama yuko shambani. Wewe ndiwe uliye karibu. Mtoto akilia, kabla ya kumlisha au kumbembeleza, tia mkono uangalie kama ni mkavu.

Maswali

1. Taja sababu tatu za vipele vya winda.
2. Kwa nini haifai kuanika mawinda juu ya majani?
3. Katika ngozi nyeusi, utavijuaje vipele hivyo?
4. Ni dalili zipi zitupasazo kumpeleka mtoto hospitali bila kungoja?